Mwongozo Kamili: Kuandaa Nyumba Iliyo Jirani na Kiwanda cha Barafu, Bohari ya Gesi au Kituo cha Mafuta Mjini Malindi

Familia nyingi zinazoishi karibu na viwanda hununua begi, hutia ndani tochi na nakala za vitambulisho, kisha huona kwamba maandalizi yamekwisha. Zoezi linapofanywa, makosa ni yale yale. Watu hujifungia ndani gesi ya kupikia inapovuja, ilhali walipaswa kutoka. Hutoka mbio amonia inapovuja, ilhali chumba kilichozibwa kingewafaa zaidi. Na wale wanaotoka hufuata barabara waliyoizoea bila kutazama upepo unaelekea wapi, hata wakajikuta wanakimbia sambamba na gesi wanayoikimbia.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya makosa hayo matatu. Unamfaa mkazi wa Barani, Maweni, Muyeye au Shella, na pia wa Gongoni na Ngomeni, maadamu ana kiwanda, ghala, kituo cha mafuta au barabara ya malori ya mafuta kwa jirani.

## Vifaa vinavyohitajika kabla ya kuanza

Kusanya vyote kwanza, kwa sababu kazi ya kupima na kukata haifai kukatizwa katikati.

- Karatasi ya nailoni nene, ya kutosha kufunika kila dirisha, kila tundu la hewa na mlango wa chumba kimoja.
- Utepe mpana wa gundi, angalau roli mbili, pamoja na mkasi.
- Kopo dogo la rangi ya mafuta na brashi. Sababu yake imeelezwa katika Hatua ya 4.
- Mitungi ya maji yenye mifuniko: lita nne za kunywa kwa kila mtu kwa siku, na mtungi mwingine wa lita ishirini wa kuoshea macho na ngozi.
- Taulo au leso kuukuu za kuziba chini ya mlango.
- Redio ndogo ya betri, tochi, na pawabenki iliyochajiwa.
- Dawa za kila siku za wagonjwa wa nyumbani, hasa dawa ya kuvuta ya wenye pumu.
- Ndoo yenye mfuniko, kwa ajili ya haja ya watoto na wazee.
- Mfuko usiopenya maji wenye nakala za vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na hati ya nyumba.
- Karatasi kubwa, kalamu za rangi mbili, na kitambaa chepesi cha kutundika nje.

Tochi na redio viwekwe ndani ya chumba chenyewe. Kifaa kilichofungiwa kabati la chumba kingine hakitakuwa na faida mtakapokuwa mmekwisha kuziba mlango.

## Hatua ya 1: Fahamu kinachohifadhiwa na jirani yako

Jina la biashara halitoshi. Kiwanda cha barafu cha wavuvi huonekana hakina madhara, lakini mitambo mikubwa ya kugandisha barafu na kuhifadhi samaki mara nyingi hupozwa kwa amonia, ambayo huunguza macho, koo na mapafu. Mitambo ya kusafisha maji hutumia klorini. Kituo cha kujazia mitungi ya gesi huwa na propani na butani, yaani gesi ya kupikia. Kwenye viwanda vya chumvi vya Gongoni na Marereni, uliza mafuta ya mitambo yanahifadhiwa wapi na kwa kiasi gani, kwa kuwa chumvi yenyewe haitamfukuza mtu nyumbani.

Nenda kwa msimamizi ukiwa na jirani mmoja au wawili, mchana, kwa adabu. Uliza maswali manne: mnahifadhi kemikali gani; tangi liko upande gani wa uwanja; mnatumia king'ora au ishara gani panapotokea hatari; na nani atapigiwa simu usiku. Andika majibu papo hapo.

Ukinyimwa majibu, bado una njia. Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya kinampa raia haki ya kupata habari, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza. Peleka barua kwa ofisi ya umma inayohusika: NEMA, mamlaka ya mazingira, kuhusu ripoti ya mazingira ya kiwanda; EPRA, mamlaka ya nishati na mafuta, kuhusu leseni ya gesi au mafuta, au idara ya usalama na afya kazini. Taja waziwazi kwamba habari hiyo inahusu uhai wa watu, kwa sababu ombi la aina hiyo sheria inataka lijibiwe ndani ya saa 48, hali ombi la kawaida hupewa siku 21.

Utajua hatua hii imekamilika utakapoweza kutaja kwa jina kemikali kuu iliyo karibu nawe na kuonyesha kwa kidole upande lilipo tangi.

## Hatua ya 2: Chora ramani ya upepo

Chukua ile karatasi kubwa. Katikati weka alama ya tangi, wala usiweke nyumba yako, kwa kuwa gesi itaanzia kwenye tangi. Kisha onyesha bahari, barabara kuu, shule, msikiti au kanisa, na mwisho nyumba yako.

Kwa kalamu ya kwanza chora kabari inayoanzia kwenye tangi na kupanuka kuelekea kusini-magharibi. Huo ndio mkondo wa kaskazi, unaovuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi. Kwa kalamu ya pili chora kabari ya kusi, unaotoka kusini na kusini-mashariki katika miezi ya katikati ya mwaka, nayo ielekee kaskazini na kaskazini-magharibi. Nyumba iliyo salama mwezi wa Januari inaweza kuwa katikati ya hatari mwezi wa Julai, ingawa tangi halikusogezwa hata hatua moja.

Usisahau umande, ule upepo wa alfajiri unaotoka bara kwenda baharini. Huvuma taratibu, na kwa sababu hiyo hausambazi gesi upesi; gesi hutambaa ikiwa nzito kuelekea ufuoni, na hata juu ya maji walipo wavuvi wa usiku.

Tundika kile kitambaa chepesi mahali kinapoonekana kutoka dirishani bila mtu kutoka nje. Siku ya tukio kitambaa ndicho kitakachoaminiwa, kwa kuwa msimu hueleza mazoea tu.

## Hatua ya 3: Chagua chumba cha kujifungia

Chumba kinachofaa kina kuta za mawe au matofali, dari ya zege, madirisha machache, na mlango mmoja. Kama jirani anahifadhi klorini, iliyo nzito kuliko hewa takriban mara mbili na nusu, chumba cha ghorofani ni bora kuliko cha chini. Amonia ni nyepesi kuliko hewa, lakini inapotoka kwenye tangi kwa wingi huwa baridi na hutambaa chini kama ukungu mweupe; kwa hiyo usiwe na haraka ya kudhani kwamba itapaa na kupotea.

Pima sakafu. Mita moja ya mraba kwa kila mtu hutosha hewa ya kupumua kwa muda usiozidi saa tano hivi. Chumba cha mita tatu kwa nne kina mita kumi na mbili za mraba, na hicho ndicho kikomo cha watu kumi na wawili. Ni vyema wapungue, hasa kukiwa na joto la Februari.

Nyumba ya makuti haizibiki. Hili lazima lisemwe bila kuficha, kwa sababu wengi hupoteza nailoni yao kwenye madirisha huku paa zima likipitisha hewa. Aidha, makuti hushika moto kwa cheche moja inayoletwa na upepo kutoka mbali. Ukiwa unaishi chini ya makuti, mwendee jirani mwenye nyumba ya mawe yenye dari ya zege, mkubaliane mapema kwamba familia yako itaingia kwake, nawe ulete nailoni, utepe na maji ya kuwatosha watu wako. Ombi hili lifanywe na mtu mzima kwa mtu mzima, mkiwa mmekaa barazani, wala lisitumwe kwa mtoto. Mwenye nyumba anahitaji kujua idadi ya watu, nani ni mgonjwa, na mtaingia kwa mlango upi saa nane za usiku.

## Hatua ya 4: Andaa chumba ili kiweze kuzibwa kwa dakika chache

Hii ndiyo hatua inayowashinda wengi, nayo ndiyo inayohitaji uvumilivu.

Fikiria mwendo wa gesi. Upepo wa mita tatu kwa sekunde, ambao mtu wa pwani hauoni kuwa mkali, huvuka kilomita moja kwa chini ya dakika sita. Familia itakayoanza kupima dirisha na kutafuta mkasi baada ya kusikia king'ora imekwisha kuchelewa. Kazi yote ya kupima na kukata ifanywe sasa.

Anza na matundu ya hewa yaliyo juu ya madirisha, yale ya matofali yenye nafasi. Watu huziba dirisha kwa makini na kuyasahau haya. Kisha pima madirisha ya luva, ambayo hata yakifungwa hupitisha hewa katikati ya vioo. Mwisho pima mlango. Kila kipande cha nailoni kikatwe kikiwa kikubwa kuliko uwazi wake kwa kiganja kimoja kila upande, na kiandikwe kwa wino mahali pake: «dirisha la barabarani», «tundu la juu kushoto».

Sasa jaribu gundi. Ukuta uliopakwa chokaa huachia unga, na utepe hubanduka pamoja na unga huo kabla hujamaliza kona ya pili. Kwangua chokaa kwa upana wa vidole vinne kuzunguka kila uwazi, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, acha pakauke, kisha paka rangi ya mafuta katika mstari huo. Rangi ikishakauka kabisa, utepe utashika. Uhifadhi utepe ndani ya kopo lenye mfuniko, mbali na joto la paa na hewa ya chumvi, kwani gundi iliyopashwa moto msimu mzima huachana na utepe.

Kisha fanya jaribio. Ziba chumba chote mchana, washa ubani kwenye chetezo ukiwa nje ya mlango, na umwache mwenzako ndani atazame kandokando ya mlango na madirisha. Moshi ukiingia kwa mkondo, pana mwanya. Chetezo kibaki nje wakati wote.

Tahadhari. Ndani ya chumba kilichozibwa hapawashwi jiko, mshumaa, ubani, koroboi wala jenereta. Moto hula hewa mnayoitegemea, na jiko la makaa hutoa kaboni monoksidi ambayo haina harufu na huua mtu akiwa usingizini.

Matokeo mazuri yanaonekana hivi: watu wazima wawili wanafunga madirisha na mlango kwa dakika moja, wanamaliza nailoni na utepe kabla ya dakika tano kutimia, na aliye ndani hasikii harufu ya ubani.

## Hatua ya 5: Jifunzeni kuamua baina ya kujifungia na kuondoka

Kila mtu mzima wa nyumbani, pamoja na watoto wakubwa na msaidizi wa kazi, ajue kanuni hizi kwa moyo.

Harufu ya gesi ya kupikia: ondokeni. Propani na butani ni nzito kuliko hewa. Hujaa kwenye mitaro, mashimo na vyumba vya chini zikisubiri cheche. Kujifungia ni kujiweka ndani ya mtego. Usiguse swichi, iwe ya kuwasha au ya kuzima, usiwashe pikipiki, na usipige simu mpaka umekwenda mbali. Mwongozo wa dharura unaotumiwa na wazimamoto wa Marekani na Kanada unataka watu walio upande unakoenda upepo waondolewe hadi angalau mita 800 kutoka kwenye chanzo, gesi nyingi inapovuja. Tangi au lori la gesi likiwa linaungua, umbali ni mita 1,600 kila upande, kwani tangi linalopashwa moto linaweza kupasuka kwa kishindo.

Mafuta yaliyomwagika: ondokeni, na msikaribie. Lori la petroli likipinduka, wapo watakaobeba mitungi kwenda kuchota. Huko Sachangwan, karibu na Molo, Januari 2009, na katika mtaa wa Sinai jijini Nairobi, Septemba 2011, watu waliokusanyika kuchota mafuta waliungua kwa makumi wakati moto ulipolipuka. Mzazi amwambie mwanawe jambo hili kwa uso mkavu na mapema, kabla jirani hajapita na ndoo. Lori la petroli linaloungua linahitaji umbali wa mita 800.

Harufu kali ya amonia au klorini, na chanzo kiko mbali nanyi: jifungieni. Mkitoka mtaivuta. Lakini kama kiwanda ni cha ukuta kwa ukuta, na ukungu haujawafikia, na njia ya kukata upepo (yaani kuuvuka kwa pembeni) iko wazi, tokeni mara moja. Ukungu ukishaziba njia, rudini ndani.

Moto ulio karibu na paa la makuti: ondokeni, hata kama mlikuwa mmeanza kuziba.

Amri ya polisi, zimamoto au Msalaba Mwekundu hutangulia kanuni hizi, kwa kuwa wao wanaweza kuwa wanaona kisichoonekana kutoka dirishani kwako.

Kitambaa chenye maji puani husaidia kidogo dhidi ya amonia, ambayo huyeyuka majini. Hakisaidii chochote dhidi ya mvuke wa petroli wala kaboni monoksidi, na hakimpi mtu ruhusa ya kubaki kwenye ukungu.

## Hatua ya 6: Panga njia mbili na mahali pawili pa kukutania

Anayetoka akate upepo kwa pembeni, aondoke ndani ya kabari, kisha ageukie upande unakotoka upepo. Asikimbie kufuata upepo, kwa sababu gesi itamfuata, wala asipite penye chanzo ili afike ng'ambo.

Malindi ina bahari upande wa mashariki, kwa hiyo mara nyingi kukata upepo ni kwenda magharibi, kupitia vichochoro hadi barabara ya Kakuyuni. Anayeelekea kaskazini akumbuke kwamba magari yote hukutana kwenye daraja la Sabaki, na kwamba msongamano wa tuktuk na matatu mahali pamoja huwafungia watu ndani ya ukungu. Kwa umbali mfupi, miguu huwahi kuliko gari.

Chagueni mahali pamoja pa kukutania upande wa kaskazini wa kiwanda na mahali pengine upande wa kusini, kila mahali pawe nje ya kabari ya msimu wake. Waandikieni watoto namba za simu kwenye karatasi, kwa kuwa simu ya mzazi ikizima, kumbukumbu yake huzima nayo.

Watoto walio shuleni au madrasa ni suala zito kuliko yote. Mzazi anayekimbia kumfuata mwanawe hupita katikati ya gesi, na akifika anaweza kukuta mwalimu amewafungia watoto salama. Zungumza na mwalimu mkuu na ustadhi sasa: je, wana chumba cha kuzibwa, na watawatoa watoto kwa mlango upi? Majibu yakikuridhisha, kubali kubaki ulipo siku ya tukio. Yasipokuridhisha, wakusanye wazazi wenzako mkaandae chumba hicho pamoja.

Kwa familia za wavuvi, mtu mmoja apewe jukumu la kumpigia nahodha ili chombo kisitie nanga penye moshi.

## Hatua ya 7: Fanyeni zoezi

Fanyeni mara moja mchana na mara moja usiku, taa zikiwa zimezimwa. Mtu mmoja atangaze aina ya hatari, kwa mfano «gesi ya kupikia» au «amonia», na wengine watende bila kuulizana. Anayekosea achukuliwe taratibu hadi aelewe sababu. Anayekaripiwa hatajitokeza kwa zoezi la pili. Bibi asiyeweza kutembea abebwe kweli kweli na yule aliyepangiwa kumbeba, ili ijulikane kama nguvu zake zinatosha.

## Siku ya tukio

1. Tazama kitambaa, tambua harufu, amua.
2. Mkijifungia: ingizeni watu, fungeni madirisha na mlango, zimeni kiyoyozi na feni zinazovuta hewa ya nje, kisha ndipo mzibe. Mbuzi na kuku waachwe.
3. Pigeni 999 au 112. Namba ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199. Tajeni mtaa, kiwanda, rangi ya moshi, na upepo unakoelekea.
4. Fungueni redio, na msitoke kwa sababu tu harufu imepungua. Pua huizoea harufu.
5. Aliyeingiwa na kemikali machoni aoshwe kwa maji safi yanayotiririka, dakika kumi na tano bila kukatiza, kope zikiwa wazi. Nguo zenye kemikali zivuliwe na zitiwe ndani ya mfuko.

## Baada ya hatari kupita

Likitolewa tangazo kwamba hewa ya nje ni safi, fungueni kila kitu upesi na mtoke. Hakuna chumba kinachozibika kikamilifu. Gesi kidogo iliyoingia hubaki ndani ilhali nje imekwisha kupeperuka, na wanaoendelea kujifungia huivuta zaidi kuliko walio uani.

Chakula kilichokuwa wazi kitupwe. Tenganisha mfereji wa paa na tangi la maji ya mvua mpaka paa lioshwe. Kama mafuta yalimwagika karibu, msinywe maji ya kisima hadi yapimwe na afya ya umma, kwani mchanga na mawe ya matumbawe ya pwani yetu hupitisha mafuta kwenda chini, na kisima kinaweza kuharibika siku nyingi baada ya barabara kusafishwa.

## Ukaguzi wa kila msimu

Kaskazi ikigeuka kuwa kusi, na kusi ikigeuka kuwa kaskazi, fungua kopo la utepe. Vuta kipande cha utepe ukibandike kwenye mstari wa rangi. Kikianguka kabla ya kesho yake, nunua mwingine. Badilisha maji, chaji pawabenki, angalia tarehe ya dawa, na hesabu tena watu wa nyumbani, kwa kuwa mtoto aliyezaliwa au mgeni aliyehamia huongeza mita ya mraba chumbani. Muulize msimamizi wa kiwanda kama ameongeza tangi au amebadilisha kemikali. Andika tarehe ya ukaguzi juu ya kopo kwa wino usiofutika.